Samansi isiyomfikia mtu isizae hukumu: barua ya wazi kuhusu kesi za majeruhi wa barabarani

Kwa:
Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Uganda, Mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni
Mheshimiwa Jaji Kiongozi
Msajili Mkuu wa Mahakama
Mkurugenzi wa Trafiki na Usalama Barabarani, Jeshi la Polisi
Mtendaji Mkuu wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima

Waheshimiwa,

Ombi letu ni moja, na mengine yaliyomo humu ni matawi yake: mahakama ikague jinsi samansi, yaani wito wa mahakama, ilivyomfikia mdaiwa kabla ya kuandika hukumu ya upande mmoja, ile inayotolewa bila kumsikia mdaiwa, isisubiri kuikagua siku ambayo beilifu, afisa anayekamata mali kwa amri ya mahakama, yuko getini na lori limeshafungwa mnyororo wa kuvutwa.

Sisi tunaoandika ni mawakili na makarani wa mawakili tunaoshika kesi za ajali pande zote mbili. Leo tunamsimamia aliyevunjika mguu, kesho mwenye gari. Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wanaoangukiwa na hukumu hizi ni madereva wa malori, mataniboi wanaowasaidia, wenye teksi na wanabodaboda wa Malaba, Busia, Elegu, Arua na Kampala, ambao Kiswahili ndicho wanachofanyia kazi, nao wana haki ya kuisoma barua inayowahusu. Katiba nayo, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili.

Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani. Waliojeruhiwa ni wengi zaidi, na kila mmoja wao ni dai linaloweza kufika mahakamani. Njia yake inajulikana. Polisi wanachora ramani ya ajali, mkaguzi wa magari anaandika ripoti yake, daktari anajaza PF3, fomu ya polisi ya majeraha, na baada ya miezi ya matibabu wakili anafungua kesi. Sheria ya Ukomo inampa majeruhi miaka 3 kwa dai la uzembe, wakati madai mengine mengi ya madhara yana miaka 6. Kwa hiyo faili nyingi hufunguliwa mbiombio mwaka wa tatu ukielekea mwisho, dereva ameshahama, gari limeshauzwa mara mbili. Dai lisilozidi shilingi milioni 20 huenda kwa hakimu wa daraja la kwanza, lisilozidi milioni 50 kwa hakimu mkuu, kama marekebisho ya 2007 yalivyopanga, na zaidi ya hapo Mahakama Kuu.

Samansi ikishatoka, mdai ana siku 21 za kuifikisha. Akishindwa, ana siku 15 nyingine za kuomba aongezewe muda. Samansi iliyotolewa tarehe 1 Machi mwisho wake ni tarehe 22, na ombi la nyongeza lisivuke tarehe 6 Aprili. Mawakili wanajua kwamba wakiteleza hapo kesi inaweza kutupwa, na kwa dai ambalo miaka 3 imeshakwisha, kutupwa ni kifo. Presha hiyo ndiyo inayomsukuma mpeleka samansi kuandika kwamba amefikisha hata pale alipoacha karatasi kwa mtu asiyemjua. Tunasema hivi bila kumsingizia mtu yeyote. Ni kanuni zenyewe zilivyopangwa.

Upande wa pili, mdaiwa ana siku 15 tangu samansi imfikie kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita kimya, mdai anapeleka hati ya kiapo ya ufikishaji na Amri ya 9 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai inamfungulia mlango. Kwa kuwa fidia ya majeraha si deni lenye kiasi kinachojulikana, inayotumika ni kanuni ya 8: hukumu ya awali inaandikwa, suala la nani mwenye kosa linafungwa, kinachobaki ni kukadiria fidia. Hapo ndipo wananchi wengi wanapoteleza. Mdaiwa anasikia kuna tarehe ya kukadiria fidia, anavaa vizuri, anafika, anakaa benchi la mbele akidhani ataeleza kwamba bodaboda ndiyo iliyoingia barabarani bila kuangalia. Hasikilizwi. Tangu uamuzi wa Sengendo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, mwaka 1972, msimamo ni kwamba asiyewasilisha utetezi amejitoa mwenyewe mahakamani, hana pa kusimama mpaka kwanza aombe hukumu itenguliwe. Hakimu akimwambia hivyo kwa Kiingereza cha haraka, mtu huyo anarudi nyumbani akiamini amehudhuria kesi yake.

Kwa hiyo hati ya kiapo ya mpeleka samansi ni karatasi yenye uzito kuliko ushahidi mwingine wote katika faili. Ndiyo inayoamua kama kutakuwa na mabishano au la. Nayo ndiyo inayosomwa kwa haraka kuliko zote.

Chukueni sentensi ya aina hii, ambayo kila msajili ameiona: mpeleka samansi alikwenda steji, akaonyeshwa mdaiwa, akamkabidhi nakala, mdaiwa akapokea ila akakataa kusaini. Steji gani? Kampala ina steji barabara nzima. Nani alimwonyesha, na mtu huyo anakaa wapi? Saa ngapi? Mdaiwa alitambuliwaje, kwa kitambulisho, kwa leseni, kwa jina aliloitikia? Kanuni ya 16 ya Amri ya 5 inataka hati itaje wakati na namna samansi ilivyofikishwa, pamoja na jina na anwani ya mtu aliyemtambulisha mdaiwa na kushuhudia. Mahakama ya Juu ilisema katika Kanyabwera dhidi ya Tumwebaze, mwaka 2005, kwamba matakwa hayo ni ya lazima. Miaka mingi imepita, na hati zisizotaja mtambulishaji bado zinazaa hukumu za mamilioni.

Angalieni pia utaratibu wa mtu anayekataa kusaini. Kanuni ya 15 inataka nakala ibandikwe kwenye mlango wa nje, au mahali pengine panapoonekana, pa nyumba anamoishi mdaiwa au anamofanyia kazi, kisha mpeleka samansi arudishe taarifa mahakamani ya alichofanya na mazingira yake. Mti wa stejini si mlango. Kioo cha teksi iliyoegeshwa si mlango.

Akikosekana mwenyewe, samansi inaweza kuachiwa wakala wake au mtu mzima wa familia anayeishi naye. Taniboi si mtu wa familia. Jirani wa chumba cha pili kwenye safu ya nyumba za kupanga si mtu wa familia. Kwa kampuni, Amri ya 29 inataja katibu, mkurugenzi au afisa mkuu, au ofisi yake iliyosajiliwa. Askari wa getini pale yadi hayumo katika orodha hiyo, hata kama ana muhuri wa kampuni droani, na baadhi yao kweli wanao. Anwani iliyosajiliwa inapatikana kwenye masjala ya makampuni, kwa hiyo hakuna sababu ya mpeleka samansi kwenda yadi ya Namanve kwa sababu tu ndiko malori yalikoegeshwa.

Katika Gatete na mwenzake dhidi ya Kyobe, Rufani ya Madai Namba 7 ya 2005, Mahakama ya Juu ilikwenda mbali zaidi. Ilitenganisha ufikishaji unaotosha kwa maandishi ya kanuni na ufikishaji uliofanya kazi yake, yaani uliomfanya mdaiwa ajue kwamba ameshtakiwa. Samansi inaweza kuachwa kwa wakala halali na bado mdaiwa asijue lolote. Kwetu sisi hicho ndicho kipimo kinachofaa kutumika mwanzoni. Kwa sasa kinatumika mwisho, mali ikiwa imeshakamatwa.

Kuna kosa jingine ambalo halihitaji hata kumhoji mtu, linahitaji kalenda. Amri ya 51 inasema siku kuanzia tarehe 24 Desemba hadi tarehe 15 Januari, zote mbili zikiwemo, hazihesabiwi katika muda wa kuwasilisha hati, isipokuwa mahakama iagize vingine. Aliyepokea samansi tarehe 20 Desemba anahesabiwa tarehe 21, 22 na 23, siku 3; hesabu inasimama, inaanza tena tarehe 16 Januari, na siku yake ya 15 ni tarehe 27 Januari. Hukumu ya upande mmoja iliyoandikwa dhidi yake tarehe 8 Januari imetoka kabla ya wakati. Ni msimu wa watu kusafiri kwenda vijijini, ajali ni nyingi, na masjala zina watu wachache. Kosa hili lingeisha leo kama mfumo wa kielektroniki wa kesi, ule uliozinduliwa mwaka 2022, ungekataa ombi la hukumu kabla ya tarehe sahihi. Mashine inajua kuhesabu.

Malori ya kigeni yanahitaji aya yake. Barabara ya Mombasa hadi Kampala, na ile ya kwenda Juba kupitia Elegu, zina magari yenye namba za Kenya, Tanzania na Sudan Kusini. Gari likigonga mtu Tororo au Karuma, linakaguliwa, dereva anaandikisha maelezo, na baada ya siku chache liko nje ya nchi. Kumfikishia samansi mtu aliye nje kunahitaji kibali cha mahakama kwanza. Njia ya mkato inayotumika ni kuomba ufikishaji mbadala kwa tangazo la gazeti la Kiingereza la Kampala, dhidi ya dereva anayeishi Mombasa. Hakimu anakubali, siku 15 zinapita, hukumu inatoka, na haitekelezeki, kwa sababu mali iko kwingine na bima haijaarifiwa. Majeruhi anabaki na karatasi yenye muhuri. Magari haya mengi huingia na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hata Tanzania inaitumia ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo ya biashara, na kadi hiyo ndiyo inayobeba bima ya thadi pati, yaani ya watu wanaoumizwa na gari, katika nchi gari linapopita. Nakala ya kadi ikipigwa picha pale pale kwenye ajali, majeruhi ana mtu wa kumdai hapa hapa Uganda. Isipopigwa, hata wakili hodari anafukuza upepo. Tunamwomba Mkurugenzi wa Trafiki aagize kwamba ripoti ya ajali haikamiliki bila picha ya stika ya bima au ya Kadi ya Njano, namba ya simu ya dereva, na namba ya simu ya mwenye gari aliye nalo sasa, si yule tu aliye kwenye logibuku, kadi ya usajili wa gari.

Tunasema aliye nalo sasa kwa sababu magari mengi hapa yanauzwa kwa fomu ya uhamisho iliyosainiwa na kuachwa wazi, mnunuzi asiihamishe kamwe ili akwepe ada. Ajali ikitokea, anayeshtakiwa ni muuzaji, ambaye hajaliona gari hilo miaka minne. Samansi inapelekwa kwenye anwani yake ya zamani. Hukumu inatoka. Huyu ni mdaiwa mwenye utetezi kamili, na ndiye ambaye kwa kawaida habari inamfikia wa mwisho.

Sasa tuje kwenye kutengua hukumu, maana huko ndiko mambo yanakoharibika mara ya pili.

Milango ni miwili. Kanuni ya 12 ya Amri ya 9 inahusu hukumu iliyotolewa kwa kukosa utetezi, pamoja na ile iliyoandikwa na msajili. Inaipa mahakama uwezo wa kuitengua au kuirekebisha kwa masharti ya haki. Kanuni ya 27 inahusu kesi iliyosikilizwa mdaiwa asipofika: anatakiwa kuonyesha kwamba samansi haikumfikia ipasavyo, au kwamba alizuiwa na sababu ya kutosha. Ombi huletwa kwa hoja ya maandishi ikiambatana na hati ya kiapo, katika mahakama ile ile iliyotoa hukumu. Kanuni hizo mbili zenyewe hazitaji idadi ya siku, na hilo limewaponza wengi. Wanadhani wana muda wote. Anayekaa miezi sita baada ya kuijua hukumu anaulizwa kila wiki ya ile miezi sita ilikwendaje, na akikosa jibu ombi linaanguka hata kama utetezi wake ni mzuri.

Mahakama zimekwisha kuweka misingi. Kama samansi haikufika, hukumu ni batili, nayo inatenguliwa kama haki ya mdaiwa, bila yeye kuulizwa ana utetezi gani. Kama ilifika na yeye akazembea, sasa anaomba huruma ya mahakama, na mahakama inapima. Mbogo dhidi ya Shah, iliyochapishwa mwaka 1968, ndiyo inayonukuliwa Afrika Mashariki nzima: uwezo huu upo ili kuepusha dhuluma inayotokana na ajali, kupitiwa au kosa linalosameheka, haupo kumsaidia mtu aliyekwepa mkono wa sheria kwa makusudi. Patel dhidi ya E.A. Cargo Handling Services, mwaka 1974, iliongeza kwamba utetezi hauhitaji kuwa wa kushinda kwa hakika, unatosha uwe na suala la kubishaniwa. Na Mahakama ya Juu ya Uganda, katika Roussos dhidi ya Virani, Rufani Namba 9 ya 1993, ilitaja sababu zinazoweza kutosha: kosa la wakili hata kama ni la uzembe, kutojua utaratibu kwa mdaiwa asiye na wakili, na ugonjwa.

Kwa wenye maombi wanaoisoma barua hii, haya ndiyo yanayoua ombi kabla halijasomwa. Hati ya kiapo inaapishwa na wakili mahali pa mdaiwa, juu ya mambo ambayo wakili hakuyaona. Rasimu ya utetezi haikuambatanishwa, hivyo mahakama inaambiwa kuna utetezi mzuri bila kuuona. Mdaiwa anakana kupokea samansi kwa sentensi moja tupu. Kukana namna hiyo hakutoshi. Aseme siku hiyo alikuwa wapi na aonyeshe: risiti ya mafuta, karatasi ya mpakani yenye tarehe, kadi ya hospitali, barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, inayosema alihama lini. Aombe mpeleka samansi aitwe kuhojiwa juu ya kiapo chake. Tumeona viapo vilivyosimama imara kwenye karatasi vikiyumba kwa swali la pili. Kama anadai gari alishaliuza, mkataba wa mauzo uwemo. Kama analaumu majeruhi kwa sehemu, ramani ya polisi na ripoti ya mkaguzi wa magari ziwemo, kwa sababu uzembe wa pande mbili unapunguza fidia, na hilo peke yake ni suala la kubishaniwa. Kama anapinga kiasi, aangalie fidia mahususi: bili za hospitali, dawa, usafiri. Hizo lazima zitajwe na kuthibitishwa moja moja, na hukumu za upande mmoja mara nyingi hupitisha jumla isiyo na risiti.

Tena wengi wanasahau kwamba kuwasilisha ombi la kutengua hakumzuii beilifu. Ombi la kusimamisha utekelezaji ni jambo la pembeni yake, lenye hati yake, pamoja na ombi la zuio la muda kwa hati ya dharura. Mtu analeta ombi Jumatatu, anaonyesha karatasi Alhamisi getini, beilifu anamwambia hilo ni ombi tu, amri iko wapi? Yuko sahihi. Na ombi la kanuni ya 27 likikataliwa, kuna rufani, siku 30. Kurudi mahakama ile ile na ombi jipya lenye maneno mengine ni kupoteza siku hizo.

Kuhusu bima tuna neno zito kidogo. Mwenye gari lenye bima kubwa akipata samansi, anaipeleka kwa ajenti wa bima siku ya pili. Amefanya alichoambiwa. Ajenti anaiweka kwenye faili, anaituma makao makuu wiki inayofuata, makao makuu yanaomba fomu ya ajali, fomu inarudi na kasoro, na siku ya 15 imepita hakuna wakili aliyepewa kazi. Baadaye kampuni inasema mteja alichelewa kuarifu. Kwa maoni yetu, samansi iliyopokelewa na ajenti ihesabiwe imepokelewa na kampuni, na Mamlaka ya Bima iliandike hilo kwa kampuni zote, ikiagiza wakili apewe kazi ndani ya siku 3 za kazi. Anayeumia ni wa pande zote mbili. Kikomo cha bima ya thadi pati kilichozoeleka, shilingi milioni 1 kwa mtu na milioni 10 kwa ajali nzima, hakilipi hata vyuma vya paja lililovunjika, kwa hiyo majeruhi analazimika kumfuata mwenye gari mwenyewe, na mwenye gari aliyelipa bima anakuta beilifu anabeba makochi. Kikomo hicho kinahitaji kufumuliwa, ila hilo ni la Bunge na lina barua yake.

Hatuwatetei wakwepaji. Wapo madereva wanaobadilisha laini ya simu siku ya pili ya ajali, na wenye kampuni wanaomwagiza askari asipokee bahasha yoyote ya khaki. Majeruhi aliyelala mwaka mzima, aliyeuza shamba kulipa hospitali, akipata hukumu kisha akasikia imetenguliwa na kesi inaanza upya, ameumizwa mara ya pili. Katiba, ibara ya 126, inadai mambo yote kwa pamoja: haki isicheleweshwe, aliyedhulumiwa alipwe fidia ya kutosha, na haki yenyewe isifungwe na urasimu. Ibara ya 28 inampa mdaiwa kusikilizwa kwa haki, na ibara ya 44 inakataza haki hiyo kupunguzwa. Ukaguzi wa mwanzo unawalinda wote wawili. Hukumu iliyojengwa juu ya samansi iliyothibitishwa vizuri haitenguki kirahisi, na wakili wa majeruhi anayejua kazi yake atautaka ukaguzi huo kuliko mtu yeyote.

Kwa Kamati ya Kanuni, basi, tunaomba fomu moja ya lazima ya kiapo cha ufikishaji: mahali kwa kijiji na parokia ya kiutawala, saa, jina na namba ya simu ya mtambulishaji, mdaiwa alitambuliwaje, picha ya mlango pale nakala ilipobandikwa, na namba ya simu iliyopigwa pamoja na tarehe. Jina la mwenyekiti wa LC1 liwemo pale alipohusika. Muhuri wake usiwe badala ya hayo mengine, kwa sababu muhuri wa LC1 unapatikana kirahisi mno. Samansi ya kesi ya ajali iwe na ukurasa wa pili wa Kiswahili na wa lugha ya eneo wenye mistari minne: umeshtakiwa, una siku 15 za kuleta utetezi wa maandishi, kufika bila kuandika hakutoshi, peleka nakala kwa bima yako leo. Karatasi moja kwa kila faili.

Kwa Msajili Mkuu: ombi la hukumu ya awali lisipitishwe mpaka fomu hiyo ikaguliwe na tarehe zihesabiwe. Ikikosekana jina la mtambulishaji, lirudishwe, na mdai aongezewe siku za kufikisha upya ili asipoteze kesi kwa kosa la mpeleka samansi. Hapo pana umuhimu: ukaguzi mkali bila nyongeza ya muda utawaua majeruhi wa mwaka wa tatu. Tarehe ya kukadiria fidia nayo ifikishwe kwa mdaiwa aliyekaa kimya na kwa kampuni ya bima inayoonekana kwenye stika. Mtu asiyejua samansi anaweza kuijua tarehe hii ya pili, akaja na ombi lake kabla senti haijatamkwa, na hapo kutengua ni kazi ya asubuhi moja.

Kwa Jaji Kiongozi tunaomba mwongozo wa masharti, kwa sababu sasa kila mahakama inapanga yake. Ombi la kutengua hukumu ya majeruhi lisikilizwe ndani ya siku 30, na zuio la muda lisivuke siku hizo. Kama samansi haikufika kabisa, hukumu itenguliwe bila sharti la fedha. Kumdai mtu nusu ya hukumu ili asikilizwe juu ya kesi ambayo hakuijua ni kumnyima haki kwa mlango wa nyuma. Kama ilifika na mdaiwa akazembea, alipe gharama za mdai zilizopotea ndani ya siku 14, awasilishe utetezi ndani ya siku 7, na aweke mahakamani sehemu ya fedha au dhamana ya benki. Pale ambapo bili za hospitali hazibishaniwi, kiasi hicho kitolewe kwa majeruhi mara moja kikisubiri kesi kuisha. Na ushahidi uliokwisha kurekodiwa usifutwe: daktari asiitwe kurudia maelezo yote kuhusu paja lile lile, aitwe kwa ajili ya kuhojiwa na upande wa pili tu, tena kwa video akiwa hospitalini kwake. Madaktari wanaohamishwa kutoka Gulu kwenda Mbarara ndio wanaochelewesha kesi hizi zikianza upya, nao hawana kosa.

Tuko tayari kuleta rasimu ya fomu na ya ukurasa wa Kiswahili mbele ya Kamati ya Kanuni siku yoyote tutakayoitwa.

Wenu katika kazi,

Mawakili na makarani wa kesi za ajali za barabarani
Kampala